Maswali ya Wasomaji: Ukiuza au Kununua kwa Simu, Sheria Inasemaje?

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rungwe hadi Njombe, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu anapouza au kununua kwa simu, bila kuonana na mwenzake na bila karatasi yenye mhuri, anabanwa na sheria gani? Wakili wa safu hii amejibu sita kati ya hizo. Majina ya walioandika yamehifadhiwa kwa ombi lao, na barua ndefu zimefupishwa.

Parachichi zimeozea njiani, hasara ni ya nani?

*Mheshimiwa Wakili, ninauza parachichi aina ya Hass kutoka Tukuyu. Mteja wa Dodoma aliona tangazo langu, tukaelewana kwa WhatsApp makatoni kumi, akalipa fedha yote kwa simu, nami nikapakia mzigo kwenye basi pale Mbeya mjini. Basi liliharibika, mzigo ukalala njiani, na mteja akapokea parachichi zilizokwisha kulainika na nyingine zimeoza. Sasa anadai fedha yake yote. Mimi nasema nilishatuma, kwa hiyo hasara si yangu. Nani mwenye haki? – Mkulima, Tukuyu.*

Ndugu yangu wa Tukuyu, wengi hudhani kwamba maelewano ya WhatsApp ni mazungumzo tu na si mkataba, na hapo ndipo wanapopotea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, inatamka kwamba mkataba haupotezi nguvu kwa sababu tu umefungwa kwa njia ya kielektroniki. Mteja alipoandika kwamba anahitaji makatoni kumi, nawe ukamjibu kwa kumtajia bei na kumwambia atume fedha ili upakie, naye akatuma, mkataba ulikuwa umekwisha kufungwa, na maneno mliyoandikiana ndiyo masharti yake.

Swali la mzigo ulioharibika njiani linajibiwa na sheria ya zamani zaidi, yaani Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ilirithi kanuni zake kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, wakati mizigo ikisafiri kwa meli na treni. Kanuni ya kuanzia ni hii: pale ambapo muuzaji ameruhusiwa au ametakiwa kumtumia mnunuzi bidhaa, kuzikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa kuwa ni kuzikabidhi kwa mnunuzi mwenyewe, na kwa kawaida umiliki unapohamia kwa mnunuzi, hatari ya hasara nayo huhamia kwake. Kwa mtazamo huo una hoja, na hoja yenyewe si dhaifu.

Hata hivyo, usishangilie kabla hujarudi kwenye simu yako na kusoma tena ulichoandika. Kama uliandika «nitakutumia kwa basi, utapokea stendi», umebaki ndani ya kanuni hiyo. Kama uliandika «usijali, nitakufikishia Dodoma zikiwa salama», umejitwika safari yote, kwa kuwa makubaliano ya wahusika hutangulia kanuni ya kawaida. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni maneno machache tu, lakini ndiyo inayoamua nani abebe thamani ya makatoni kumi.

Jambo la pili ni namna ulivyokabidhi mzigo. Sheria inamtaka muuzaji aingie makubaliano ya busara na msafirishaji kwa kuzingatia aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa. Nimeziona risiti nyingi za mizigo ya mabasi: karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu «mzigo 1», namba ya simu ya mpokeaji na kiasi kilicholipwa, hakuna zaidi. Risiti ya namna hiyo haisemi kama ndani kuna matunda au vyuma, wala thamani yake, wala kama wahudumu waliambiwa kwamba mzigo hauwezi kulala njiani. Kama yako ni hiyo, mteja wako anaweza kudai kwamba hukumlinda. Tena, matunda yanapaswa kuondoka yakiwa katika hali ya kuhimili safari ya kawaida. Ukipakia yaliyokwisha kuiva Tukuyu ukitegemea yafike Dodoma yakiwa magumu, hilo haliwezi kuwa kosa la basi.

Kwa maoni yangu, kama uliahidi kutuma tu na matunda yalitoka yakiwa magumu, huna wajibu wa kurudisha fedha yote. Dai kubwa linapaswa kuelekezwa kwa mwenye basi, na wewe uliyeshika risiti umsaidie mteja kulifuatilia badala ya kumwachia peke yake. Ukitaka kumbakisha mteja, mnaweza kugawana hasara, lakini hiyo ni busara ya biashara na hakuna sheria inayokulazimisha. Safari ijayo mwandikie mteja kabla hajatuma fedha kwamba hatari ya njiani ni ya nani, na umwambie karani wa mizigo aandike «parachichi, makatoni 10» pamoja na thamani yake.

Nimelipia cherehani, muuzaji hapokei simu

*Shikamoo Wakili. Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga. Niliona cherehani kwenye ukurasa wa Instagram, chini yake wameandika «bei njoo inbox». Nilitumiwa bei, nikalipa Sh 380,000, nikaambiwa nitapata baada ya siku tatu. Umepita mwezi na siku kadhaa. Kwanza alikuwa anasema mzigo uko bandarini, sasa amenifungia kabisa. Je, nikienda polisi watanisikiliza? – Fundi, Mafinga.*

Marahaba, dada yangu. Watakusikiliza, ila unapaswa kujua unakwenda kulalamikia nini, kwa sababu kuchelewesha mzigo na kutapeli ni mambo mawili tofauti hata kama mfuko wako unaumia sawasawa.

Kwa upande wa madai, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inamtaka muuzaji wa mtandaoni atekeleze agizo ndani ya muda mliokubaliana, au ndani ya siku 30 kama hamkupanga muda. Muda ukipita, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba na kudai fedha yake. Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji ajitambulishe, aeleze bidhaa kwa kutosha na ataje bei kamili pamoja na gharama za ziada kama usafirishaji, kabla mnunuzi hajafanya uamuzi. Niseme wazi kwamba mtindo wa «bei njoo inbox», ambao umezoeleka hadi tunauona wa kawaida, haulingani na nia ya sheria hii. Unampa muuzaji nafasi ya kukadiria mfuko wa kila anayeuliza, na unamfanya mnunuzi ajadiliane na mtu asiye na jina wala anwani.

Kwa upande wa jinai, mtu aliyechukua fedha yako huku tangu mwanzo hakuwa na cherehani wala nia ya kuileta amekupata kwa udanganyifu, na hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 pamoja na Kanuni ya Adhabu zinamhusu. Dalili za nia hiyo ni kama hizo ulizotaja: visingizio vinavyobadilika, kisha kukufungia. Ukifika kituoni usiseme «nimedhulumiwa» halafu ukanyamaza. Eleza tarehe ya tangazo, jina la ukurasa, namba ya simu, jina lililojitokeza ulipotuma fedha, kiasi, na ahadi uliyopewa.

Ushahidi wako ndio roho ya kesi, na nitakaa hapo kidogo. Ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inakataza kuukataa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kupokelewa hakumaanishi kuaminiwa, kwani hakimu ataangalia jinsi ujumbe ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, kama haukuguswa, na kama mtumaji wake anaweza kutambulika. Picha ya skrini iliyokatwa juu na chini, isiyoonyesha namba wala tarehe, inampa mtuhumiwa nafasi ya kusema si yake. Kwa hiyo usifute mazungumzo hata kama yanakukera, usiuze simu hiyo, tunza ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, na uombe mtandao wako wa simu taarifa ya miamala ya siku hiyo. Ukurasa wa tangazo upige picha sasa hivi kabla haujafutwa, tena picha ionyeshe jina la ukurasa.

Kama mtu huyo anajulikana na ni mbabaishaji tu, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza madai ya mkataba yasiyozidi Sh milioni 30, kwa hiyo cherehani yako imo ndani kabisa. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili na huna haja ya wakili ili kulifungua. Na kwa wasomaji wengine ambao bado hawajatapeliwa ila wanapokea ujumbe wa «ile hela itume kwenye namba hii», ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma vipelekwe 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Sina fremu, nauzia kwenye stetasi. Nahitaji leseni?

*Wakili, mimi ni mama wa nyumbani Uyole, Mbeya. Nachukua mitumba ya grade one, naipiga picha na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Sina duka wala fremu. Majirani wananiambia TRA hawanihusu kwa kuwa niko nyumbani. Ni kweli? – Mama wa Uyole.*

Si kweli, mama, ingawa ukweli wenyewe hautishi kama majirani wanavyoudhani.

Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inahusu kufanya biashara, si kumiliki fremu, na kwako mahali pa kuulizia ni ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na TRA, na sheria inakutaka uiombe ndani ya siku 15 tangu uanze biashara. Ukiuza kwa majina yako mwenyewe hulazimiki kusajili jina la biashara. Ukijiita kwa jina jingine lolote, lisajili BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Usajili huo haukupi umiliki wa jina kama alama ya biashara, kwa kuwa alama husajiliwa kivyake, kwa miaka 7 ya mwanzo na kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kwa mitumba ya stetasi sidhani kama unahitaji kufika huko sasa.

Kuhusu kodi ya mapato, mfanyabiashara mmoja mmoja ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh milioni 100 huangukia kwenye utaratibu wa makadirio. Kwa viwango vilivyotumika katika miaka ya karibuni, mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi hiyo. Zingatia kwamba sheria inazungumzia mauzo, wala si faida. Ukinunua blauzi kwa Sh 6,000 ukaiuza kwa Sh 10,000, kinachohesabiwa ni zile Sh 10,000.

Sasa tazama faida ya daftari. Tuseme mauzo yako ya mwaka ni Sh milioni 5. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 ambaye hana kumbukumbu hulipa Sh 100,000. Aliyetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani Sh 30,000. Daftari la Sh 1,500 linakuokolea Sh 70,000, na bado watu wanaona uvivu kuandika! Mauzo yakifika Sh milioni 11 kwa mwaka utatakiwa kuwa na mashine ya kutolea risiti za kielektroniki. Usajili wa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, uko mbali nawe, kwa kuwa tangu mwaka 2023 kiwango chake ni mauzo ya Sh milioni 200.

Hukuniuliza kuhusu picha, ila nitakujibu hata hivyo: nguo unazouza zipige picha wewe mwenyewe. Picha ya mtu mwingine uliyoichukua kwenye ukurasa wake inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na zaidi ya hapo, mteja akipokea kitu tofauti na kilichoonyeshwa pichani ana haki ya kukikataa.

«Mali ikishauzwa hairudishwi»

*Nauza vikapu vya milulu vya Iringa kupitia mtandao. Mteja wa Dar es Salaam alipokea kikapu, siku ya tatu akasema rangi yake hajaipenda na anataka kurudisha. Risiti yangu imeandikwa wazi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nimkatalie? – Muuza vikapu, Iringa.*

Usimkatalie. Anayenunua mtandaoni hakukishika kikapu wala kukigeuza mwangani kama angekuwa dukani kwako, na kwa sababu hiyo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inampa siku 7 za kughairi baada ya kupokea bidhaa. Gharama pekee unayoweza kumtoza ni ile ya kukirudisha kwako. Haki hiyo inatoka kwenye sheria, si kwenye hisani yako. Na hayo maandishi ya risiti, ambayo mteja anayaona akiwa amekwisha kulipa, hayawezi kuwa sharti alilokubali wakati wa kununua. Akikirudisha kikiwa kimechakaa, hilo ni jambo jingine. Mwombe akutumie picha kabla hajakipakia.

Wadaiwa wangu nimewaweka hadharani

*Wakili, ninauza mbegu za viazi mviringo hapa Njombe na wateja wangu wapo kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia. Baadhi yao niliwapa mali kauli, wakaahidi kulipa wakivuna. Wamevuna na kuuza, lakini hawalipi. Niliweka kwenye kundi picha zao, namba za NIDA na kiasi wanachodaiwa. Mmoja ameniambia atanishitaki. Mdaiwa anaweza kumshitaki mdai kweli? – Muuza mbegu, Njombe.*

Anaweza, kaka, na nakushauri ufute ujumbe huo kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Hasira yako naielewa. Mtu anakula jasho lako huku mnasalimiana sokoni kila siku. Lakini deni halimwondolei mtu haki zake.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa haki hiyo meno. Namba ya NIDA na picha ulivipata kwa kusudi moja, yaani kumtambua mtu uliyemkopesha. Kuvitumia kwa kusudi jingine la kumwaibisha mbele ya watu zaidi ya mia, bila ridhaa yake, ndiyo hasa sheria hiyo inachokataza, na aliyetendewa hivyo anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao inakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumshurutisha au kumsumbua mtu. Utasema nia yako ilikuwa kulipwa tu; mwenzako naye atasoma mbele ya hakimu maneno uliyoyaandika chini ya picha yake.

Kwa kuwa unatunza orodha ya wateja na namba zao za vitambulisho, fahamu pia kwamba sheria hiyo inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wajisajili kwenye Tume. Kama huhitaji namba ya NIDA ya mtu ili kumuuzia mbegu, usiiombe.

Deni lako lina njia yake. Chukua ujumbe ambamo kila mmoja alikiri kupokea mbegu na kuahidi kulipa, mwandikie kila mdaiwa peke yake, si kwenye kundi, ukimtajia kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, na siku hiyo ikipita nenda Mahakama ya Mwanzo. Ahadi ya «nikivuna nitakulipa» inakubalika, ingawa ingekuwa imara zaidi kama mngetaja tarehe, maana mavuno ya mtu anaweza kuyasogeza mwenyewe kwa mdomo. Msimu ujao, kabla hujapakia gunia la mbegu, mwambie mteja akuandikie mstari mmoja: amepokea kiasi gani, atalipa kiasi gani, lini. Akiona uzito kuandika mstari huo, basi anunue kwa fedha taslimu.

Mchele wa Kyela usiotoka Kyela

*Nilinunua mtandaoni kilo 50 za «mchele wa Kyela halisi». Ulipofika nikaupika, hauna ile harufu. Muuzaji akakiri kwamba umetoka Mbarali, ila akasema mchele ni mchele. Nina la kudai? – Msomaji, Mbeya.*

Unalo. Mchele wa Mbarali ni mzuri na una wapenzi wake, lakini wewe hukuununua huo. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake, na kinyume cha hapo mnunuzi anaweza kuikataa. Kwa kuwa umekwisha kupika sehemu ya mchele huo, muuzaji anaweza kudai kwamba uliupokea. Katika hali hiyo dai fidia ya tofauti ya bei kati ya mchele wa Kyela na wa Mbarali kwa siku uliyonunua. Maneno yake ya kukiri yahifadhi kama yalivyo, hasa kama alikuandikia.

Zaidi ya hilo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kupotosha walaji kuhusu bidhaa anayouza, na kudanganya mahali ilikotoka ni upotoshaji wa aina hiyo. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani kwa maandishi. Ambatanisha tangazo, uthibitisho wa malipo na picha ya mfuko ukionyesha kilichoandikwa juu yake. Mfuko wenyewe upime pia, na kama hazikutimia kilo 50, Wakala wa Vipimo nao wana kazi ya kufanya.